Je, Wajua? Nani Humtoa Mwanajeshi Kambini

Je, wajua kwamba mwanajeshi wa Kenya hawezi kuletwa Chaani kutuliza ghasia mpaka wabunge wakubali? Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, lakini hata yeye hawezi peke yake. Kifungu cha 241 cha Katiba ya 2010 kinalipa Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, kazi tatu. Ya kwanza ni kuilinda nchi na mipaka yake. Ya pili ni kuzisaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga, na kila linapofanya hivyo jeshi lina wajibu wa kuripoti kwa Bunge la Kitaifa. Ya tatu ni kurejesha amani mahali palipozuka machafuko ndani ya nchi, na hiyo hairuhusiwi ila Bunge liwe limeidhinisha. Kifungu cha 239 kimekwisha kusema hapo awali kwamba vyombo vyote vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Kinakataza pia wanajeshi, polisi na majasusi kukipendelea chama chochote cha siasa.

Mkaazi wa Chaani anahitaji kuvijua vifungu hivi pengine kuliko Wakenya wengi. Mtaa wake umezungukwa na vitu ambavyo serikali yoyote huvilinda kwa mkono mzito: gati za bandari, matangi ya mafuta ya Kipevu na Changamwe, uwanja wa ndege wa Moi, njia za reli na barabara za malori. Na ng'ambo ya maji, upande wa Likoni, iko Mtongwe, makao makuu ya Jeshi la Wanamaji. Huku kwetu mwanajeshi ni jirani.

Jeshi hilo la Wanamaji lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ileile Kenya ilipokuwa jamhuri. Kabla yake Mombasa ilikuwa na jeshi la majini la kikoloni lililohudumia Afrika Mashariki nzima ya Waingereza, nalo likavunjwa mwaka 1962. Hadi leo wanamaji ndio wachache kuliko wenzao wa nchi kavu na wa angani. Hata hivyo, kati ya Wakuu wa Majeshi saba walioshika kazi tangu mwaka 2000, watatu wametokea kwao: Joseph Kibwana, Samson Mwathethe, na Charles Kahariri aliyeteuliwa Mei 2024. Kibwana ndiye aliyekuwa mkuu tarehe 30 Desemba 2002, Daniel arap Moi alipomkabidhi Mwai Kibaki madaraka katika bustani ya Uhuru baada ya miaka 24 Ikulu. Chama tawala kilikuwa kimeshindwa kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na jeshi likampigia saluti rais mpya kama lilivyompigia wa zamani. Katika nchi nyingi, siku ya namna hiyo ndiyo siku ya hatari.

Watu wa Likoni na Changamwe wamekwisha kuona kwa macho yao kazi ya pili ya jeshi, hata kama hawajui kifungu chake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na kuua watu 272. Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni likiwa na mama na binti yake, na wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji wakatafuta kwa karibu wiki mbili kabla ya kulipata. Misiba hiyo miwili imetenganishwa na katiba mpya. Mwaka 1994 sheria kuu ya nchi haikuwa na kifungu cha kulitaka jeshi liripoti bungeni kwa msaada wa aina hiyo. Mwaka 2019 kifungu kilikuwapo. Mtu aliyesimama ufukweni akisubiri hangeweza kuona tofauti, lakini ipo: msaada wa jeshi sasa ni jambo la kutolewa hesabu mbele ya wawakilishi wa watu.

Je, wajua kwamba sauti iliyotangaza kupinduliwa kwa serikali ya Kenya ilikuwa ya mtoto wa Kisauni? Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mashuhuri wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", alizaliwa mwaka 1940 Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa angani walimtoa nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha awaambie wananchi kwamba serikali ya Moi imeondolewa. Saa chache baadaye wanajeshi watiifu walikikomboa kituo, na sauti ileile ikatangaza kwamba Moi angali madarakani. Hezekiah Ochuka, aliyejitangaza kiongozi wa nchi kwa saa hizo chache, alikuwa na cheo cha pili kutoka chini kabisa. Alitorokea Tanzania kwa ndege, akarudishwa, na mwaka 1987 akanyongwa. Zaidi ya watu 100 walikufa katika jaribio hilo. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine lenye namba 82, na halikurudishiwa jina lake la asili mpaka mwaka 1994. Mbotela aliishi kulisimulia jambo hilo hadi alipofariki Februari 2025. Namtaja kwa urefu kwa sababu mara nyingi kisa cha 1982 husimuliwa kama mambo ya makamanda na vifaru tu, ilhali waasi walijua kwamba bunduki bila sauti ya raia anayeaminiwa haitoshi kuwafanya watu waamini.

Hilo halikuwa tukio la kwanza. Mwaka 1971 Mkuu wa Majeshi, Meja Jenerali Joseph Ndolo, alilazimika kujiuzulu baada ya jina lake kuhusishwa na njama ya mapinduzi. Jaji Mkuu Kitili Mwendwa naye akajiuzulu kwa sababu hiyohiyo.

Mzizi wa habari yote hii uko Januari 1964, na hapa inafaa kutulia kidogo. Tarehe 12 ya mwezi huo Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Tarehe 20 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo inaitwa Lugalo. Walidai mishahara bora, na walidai maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Tarehe 23 wenzao wa Uganda wakaasi Jinja na kumshikilia waziri Felix Onama. Tarehe 24 moto ukafika Lanet, karibu na Nakuru, katika kikosi cha Kenya Rifles. Serikali tatu huru, mojawapo ikiwa na umri wa mwezi mmoja na siku chache, zililazimika kuwaomba Waingereza waliotoka juzi warudi kuwatuliza askari wao. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza walitua Dar es Salaam kwa helikopta kutoka kwenye manowari Centaur.

Kinachoshangaza ni jinsi kila nchi ilivyojibu. Uganda iliwapandishia askari mishahara kwa kiasi kikubwa. Kenya iliwafikisha waasi mbele ya mahakama ya kijeshi, ikazidi kuwategemea maofisa wa Kiingereza, na Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi la nchi kavu, Ndolo huyohuyo, hakushika usukani mpaka 1966. Tanganyika ilivunja jeshi lote na kuanza upya. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, likiandikisha vijana wa TANU. Mwalimu Nyerere aliamua kwamba askari asiye na uhusiano na wananchi na chama chao ni hatari zaidi kuliko mwenye uhusiano huo. Miaka saba kamili baada ya makomando kutua Dar es Salaam, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote wa Uganda. Jeshi lililotoshelezwa kwa woga lilikuwa limejifunza kwamba serikali huweza kutishwa.

Tanzania ililipa gharama ya aina nyingine. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, jeshi lililolelewa ndani ya chama kimoja halikuwa tena na nafasi yake ya zamani. Katiba ikabadilishwa, na Kifungu cha 147 kikawakataza wanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Mwanajeshi bado anaweza kupiga kura, ila kadi ya chama hana ruhusa ya kuishika. Kenya ilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine, kupitia Kifungu cha 239. Uganda ilikataa kabisa kufika: Katiba yake ya 1995 inalipa jeshi viti bungeni, na wabunge 10 wanaowakilisha vikosi hukaa humo wakipiga kura kuhusu sheria na bajeti. Wanaoutetea mpango huo husema ni heri mwanajeshi azungumze bungeni kuliko anong'one kambini. Mimi siukubali. Mbunge anayepokea amri kutoka kwa mkubwa wake wa kijeshi hana sauti yake mwenyewe. Indonesia nayo ilikuwa na viti vya jeshi bungeni, na ilipogeuka kuwa nchi ya kidemokrasia iliviondoa, cha mwisho kikitoweka mwaka 2004. Uganda ingeweza kutazama huko.

Kuna njia nyingine za kulirudisha jeshi kambini, na baadhi zinavutia. Olusegun Obasanjo, aliyewahi kuwa jenerali na mtawala wa kijeshi mwenyewe, alipoapishwa rais wa kuchaguliwa wa Nigeria Mei 1999, hakungoja hata wiki mbili. Aliwastaafisha kwa mpigo mmoja maofisa 93 waliowahi kushika vyeo vya kisiasa chini ya tawala za kijeshi. Nchini Chile Augusto Pinochet aliacha urais mwaka 1990 lakini akabaki mkuu wa jeshi la nchi kavu hadi 1998. Sheria ya zamani ililipa jeshi asilimia 10 ya mauzo ya nje ya kampuni ya serikali ya shaba, fedha ambazo hazikupitia mkononi mwa bunge kama bajeti nyingine. Sheria hiyo haikufutwa mpaka 2019. Mtu anayefanya kazi bandarini ataelewa uzito wake: ni sawa na sehemu ya kila kontena linalotoka Kilindini kwenda moja kwa moja kambini bila ya mbunge yeyote kuuliza. Costa Rica ilipita wote. Mwaka 1948 ililifuta jeshi, na kambi yake kuu mjini San José ikageuzwa kuwa makumbusho ya taifa.

Uhispania ndiyo inayonigusa zaidi. Februari 1981, nchi ikiwa imetoka juzi kwenye udikteta wa Franco, luteni kanali Antonio Tejero aliingia bungeni na bastola mkononi na kuwashika wabunge mateka usiku kucha. Mfalme Juan Carlos alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa sare ya kijeshi na kuwaamuru makamanda waitii katiba, nao wakatii. Miaka 27 baadaye, Aprili 2008, Carme Chacón, mwanamke, raia, mwenye mimba ya miezi saba, alikagua gwaride kama waziri mpya wa ulinzi, na jeshi ambalo baadhi ya maofisa wake waliwahi kulitisha bunge likampigia saluti. Kenya ina picha yake yenyewe ya namna hiyo. Mwaka 2013 Raychelle Omamo, wakili aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Chama cha Mawakili nchini, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi, na Kifungu cha 241 kinampa mwenye cheo hicho uenyekiti wa Baraza la Ulinzi. Majenerali wote wanne wakuu huketi mbele ya raia.

Kwa hiyo sheria tunayo, tena nzuri. Udhaifu wetu uko kwingine: tangu 2010 hakuna mwanajeshi wa Kenya aliyejaribu kutoka kambini kwa nguvu. Viongozi wa kiraia ndio wanaowaita. Machi 2020 Meja Jenerali Mohamed Badi aliwekwa kuongoza huduma za jiji la Nairobi: maji, taka, barabara, kazi ambazo wananchi walikuwa wamemchagua gavana azifanye. Septemba mwaka huohuo Tume ya Nyama ya Kenya, yenye tawi Kibarani karibu kabisa na Changamwe, ilitolewa Wizara ya Kilimo na kupelekwa Wizara ya Ulinzi. Mwaka huohuo tena ikaundwa kampuni ya Kenya Shipyards chini ya wizara hiyo, yenye karakana Mtongwe na Kisumu. Ujenzi wa meli unaeleweka, maana wanamaji wana ujuzi na nchi inahitaji meli. Lakini kila kazi ya kiraia inayohamia jeshini huhama pamoja na maswali yake. Mfugaji ambaye hakulipwa atamwuliza nani? Mkandarasi asiyeridhika na zabuni atampeleka jenerali wapi? Watu wengi walifurahi kuona mambo yakifanyika haraka, na ninaielewa furaha hiyo, kwa sababu sote tumechoshwa na ofisi zinazozungusha. Dawa ya ofisi mbovu, hata hivyo, ni ofisi nzuri.

Je, wajua kwamba Bunge la Kenya limezoea kuidhinisha mambo baada ya kutendeka? Katikati ya Oktoba 2011 wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi. Kibali cha Bunge cha wao kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika kilitolewa Desemba, wakiwa wamekwisha kuwa vitani kwa wiki kadhaa. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na baadhi yao kuingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi Aden Duale alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba KDF imetumwa kuwasaidia polisi. Wabunge wakaidhinisha siku iliyofuata. Serikali ilishika njia ya dharura, ile ya kuripoti, na Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Tarehe 27 Juni Jaji Lawrence Mugambi aliruhusu wanajeshi waendelee kubaki, lakini akaiamuru serikali itangaze ndani ya siku mbili mipaka ya kazi yao, namna watakavyoifanya, na muda wake. Amri hiyo ilistahili kusomwa kwa sauti kila mtaa. Mahakama haikumwambia mwanajeshi arudi kambini usiku uleule, ila ilisema hawezi kutoka bila ya kuelezwa anakwenda kufanya nini na atarudi lini.

Kabla ya hapo, Januari mwaka huohuo, Mahakama Kuu ilikuwa imetoa uamuzi mwingine wa ajabu kidogo. Serikali ilitaka kupeleka polisi Haiti, na Jaji Enock Chacha Mwita akasema kwamba kifungu cha Katiba kinachoruhusu kupeleka vikosi nje kwa kazi ya amani kinahusu jeshi, na hakihusu polisi. Polisi walikwenda hatimaye, kwa mkataba, Juni 2024. Hoja ya jaji inabaki na thamani yake: polisi ana kazi yake, mwanajeshi ana yake, na asiwepo waziri wa kuchanganya.

Jambo la 2022 halipaswi kusahauliwa. Katika kesi ya uchaguzi wa urais, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi Wafula Chebukati alieleza kwa kiapo mbele ya Mahakama ya Juu kwamba siku ya kutangaza matokeo huko Bomas alitembelewa na wajumbe wa baraza la ushauri wa usalama, mmoja wao akiwa Naibu Mkuu wa Majeshi, Luteni Jenerali Francis Ogolla. William Ruto, aliyetangazwa mshindi, alimteua Ogolla mwaka uliofuata kuwa Mkuu wa Majeshi, na Ogolla akafariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 akiwa kazini. Hakuna haja ya kumhukumu aliyelala. Swali linawaelekea walio hai: ni nani aliyeona inafaa ofisa wa ngazi hiyo awe mahali kura zinapojumlishwa? Hilo ni swali la raia waliomtuma.

Kuna pia hatua moja ambayo watu wa pwani hawaisifu vya kutosha. Novemba 2018, hapa Mombasa, katika eneo la Liwatoni, ilizinduliwa Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya, chini ya wizara ya usalama wa ndani. Uvuvi haramu, magendo, uchafuzi wa bahari na wizi wa majini ni makosa ya jinai, na mhalifu wa jinai hukamatwa na kufikishwa mahakamani. Kumwachia mwanajeshi kazi hiyo ni kumfunza vita dhidi ya wananchi wake. Mvuvi wa Likoni anayesimamishwa baharini usiku ana haki ya kujua amesimamishwa na nani, na kwamba aliyemsimamisha yuko chini ya sheria za kiraia. Kuna maofisa waliotoka wanamaji kuja kuanzisha huduma hiyo, na kwa miaka ya mwanzo ni sawa, mradi walio chini yao wafunzwe kama walinzi wa sheria.

Na kwa msomaji wa Chaani anayeuliza yeye aingie wapi: Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka ya Bunge, na jeshi ni mojawapo. Kamati ya Bunge ya Ulinzi inaweza kuulizwa wanajeshi fulani wametumwa wapi, kwa kifungu kipi, na taarifa ya kazi yao iko wapi. Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge au kupitia mbunge wa eneo, ambaye kwa Chaani ni mbunge wa Changamwe. Si lazima lipigwe chapa. Linaweza kuandikwa kwa mkono, na linaweza kuandikwa kwa Kiswahili.